GPS ya baiskeli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumamosi alfajiri tunapokusanyika Mwenge kabla ya kuelekea Bagamoyo, hakosekani mtu wa kuinamia usukani wangu na kuuliza, "Kaka, hii kitu inatumia laini gani?" Nimejibu hadi nimechoka, nikaona bora niyaandike. Mimi si muuzaji. Nimeshatumia vifaa vitatu: kimoja cha mtumba, kimoja cha Kichina cha bei ya chini, na hiki cha sasa ambacho mke wangu bado hajaambiwa bei yake halisi. Majibu haya ni ya mtu anayekanyaga pedali Dar es Salaam, kwenye joto, chumvi, vumbi na bodaboda. Aliye Lushoto au Mbeya atapunguza na kuongeza mwenyewe.

Jambo moja nilitaje mapema, maana litarudi mara nyingi huko chini: kifaa kinajua ulipo, hakijui palivyo.

Kinatumia laini? Kinakula bando?

Hapana. Kifaa cha GPS kinapokea tu, kama redio ya mbao ya babu. Setilaiti za GPS, mali ya Marekani, zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu na kila moja inatangaza muda wake bila kukoma. Kifaa kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, kinapiga hesabu za umbali, kinajua kilipo. Zinatakiwa setilaiti nne angalau: tatu za kukuweka mahali, ya nne ya kurekebisha saa ndogo ya kifaa ambayo ni ya bei rahisi na haiaminiki. Mawimbi hayo yanakwenda kwa kasi ya mwanga, hivyo saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umeshahamishwa mita 300.

Bando linahitajika kwa mambo mengine: kupakua ramani, kupeleka safari Strava (programu ya kurekodi na kuonyeshana safari), kuwatumia watu wa nyumbani mahali ulipo. Hayo kifaa kinayafanya kupitia simu yako au Wi-Fi. Kukanyaga kutoka Mwenge hadi Bagamoyo na kurudi hakuhitaji hata MB moja.

Basi baiskeli ikiibiwa nitaiona ilipo?

Hapana tena, na hapa watu wengi huvunjika moyo. Unachokifikiria ni traka, kile kidude kinachofichwa kwenye bodaboda na magari. Traka ina laini ndani yake, inatuma ujumbe kusema iko wapi. Kifaa cha usukani hakina laini, na mwizi atakuwa wa kwanza kukiona. Kitaibiwa pamoja na baiskeli, au kitaibiwa peke yake. Ukisimama kunywa chai Bunju, kichomoe uweke mfukoni.

Simu ninayo. Kwa nini ninunue kingine?

Huenda huna haja. Kama unapanda mara moja kwa wiki, saa mbili hivi, kwenye barabara unazozijua, tia Strava kwenye simu, iweke mfuko wa mgongoni, hela ya kifaa nunulia tairi nzuri. Simu za siku hizi zinapokea setilaiti vizuri tu. Hata ramani si tatizo: Organic Maps na OsmAnd zinakuwezesha kupakua ramani nzima ya Tanzania ukiwa na Wi-Fi, kisha ukaitumia porini bila mtandao.

Simu huanza kushindwa inapopanda usukanini. Kioo ukikiacha kinawaka, betri inaisha kabla hujafika Kerege. Jua la saa sita likikipiga, hukioni, na simu ikipata joto kali inajizima kujiokoa. Jasho likidondokea kioo, kinajibonyeza chenyewe; siku moja simu yangu ilimpigia shemeji yangu mara tatu wakati mimi nahangaika na mlima. Kuna na mtikisiko. Apple wenyewe mwaka 2021 walionya kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Baiskeli haina injini, lakini barabara yenye matuta ya bati nayo inatikisa, na sioni sababu ya kuijaribia simu ambayo ndiyo pesa yangu, tochi yangu na msaada wangu nikianguka.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kutenganisha. Kifaa kikizimika, nimepoteza takwimu. Simu ikizimika Mapinga saa moja usiku, nimepoteza vingi.

Nichague kipi?

Watu huanza na jina la kampuni: Garmin au Wahoo? Bryton au iGPSPORT? Mimi ningekuuliza mambo matatu kwanza.

La kwanza, unataka kurekodi tu au unataka kuongozwa njia? Kama ni kurekodi, yaani mwendo, umbali, muda, wastani, vipo vidogo vya chini ya dola 50 visivyo na ramani yoyote, na vinafanya kazi hiyo bila aibu. Changu cha Kichina kilikuwa hivyo. Kilidumu miaka miwili na ushee hadi nilipokidondosha mwenyewe. Kama unataka kuongozwa, usidanganywe na neno "navigesheni" kwenye boksi. Vingine vinaonyesha mstari tu juu ya kioo cheupe, kama uzi uliotupwa kwenye shuka. Mstari huo unatosha ukiwa barabara kuu. Kwenye vichochoro vya Goba hautoshi, kwa sababu ukikosea kona huoni ni kichochoro gani kingine kitakachokurudisha.

La pili, betri. Usisome saa zilizoandikwa kwenye boksi peke yake. Zimepimwa mwanga wa kioo ukiwa chini na vihisi vimezimwa. Kata robo, wakati mwingine theluthi, ndipo upate saa za kweli.

La tatu, vitufe au kioo cha kugusa? Hapa nina upande wangu na sijifichi: vitufe. Jasho la Dar halina adabu na kioo cha kugusa. Ukiwa na vidole vimelowa, huku bodaboda anakupita kushoto, kitufe unakipapasa bila kukitazama.

Rangi za kioo, mapambo ya takwimu, ujumbe wa WhatsApp kutokea usukanini, hayo ni viungo, si chakula. Vifaa vya juu kabisa vinafika dola 700 na kuzidi kabla hujaweka usafiri na ushuru. Ukiwa nazo, nunua. Ukiwa huna, hutakuwa mpanda baiskeli mbaya zaidi.

Nimeletewa kifaa kutoka Ulaya, ramani ni nyeupe tupu. Kimeharibika?

Kizima. Kimewekewa ramani ya bara kilikotoka. Vifaa vingi vinauzwa na ramani ya eneo la soko lake tu, kwa hiyo kinaijua kila njia ya baiskeli ya Uholanzi, lakini Kinondoni kwake ni karatasi safi. Na changu cha mtumba kilikuja hivyo. Nilikaa wiki nzima nikidhani nimepigwa.

Dawa yake ni ya bure. Inaitwa OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia. Kwa vifaa vya Garmin vinavyokubali ramani, ingia tovuti ya BBBike, chagua eneo lako, omba ramani ya muundo wa Garmin, subiri barua pepe, pakua. Utapata faili linaloitwa gmapsupp.img. Chomeka kifaa kwenye kompyuta kwa waya, litupe ndani ya folda ya Garmin, chomoa, washa. Ila kama ndani tayari kuna faili lenye jina hilohilo, lihifadhi pembeni kwanza, usilifute. Kampuni nyingine zina utaratibu wao, mara nyingi kupitia programu ya simu. Kabla ya kulipa muulize muuzaji swali moja: "Nionyeshe Kariakoo kwenye kioo." Akishindwa, bei ishuke.

Ramani hiyo kwa Dar es Salaam ni nzuri kuliko watu wanavyotarajia, na kuna sababu. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ardhi, wakaingia mitaa inayofurika wakiwa na wakazi wenyewe, wakachora njia, mitaro, majengo. Lengo lilikuwa mafuriko, si sisi wapanda baiskeli. Lakini kichochoro cha Tandale kinachoonekana kwenye usukani wangu leo kilichorwa na mtu aliyekipita kwa miguu. Nairobi nako, kazi kama hiyo ilianza Kibera mwaka 2009 kwa jina la Map Kibera.

Ukitoka nje ya mji, ubora unapungua. Njia nyingi vijijini zimechorwa na mtu aliyekaa mbali akitazama picha ya setilaiti. Na ramani ya zamani ni ya zamani: ukiwa na ya kabla ya 2022, ukivuka Daraja la Tanzanite kutoka Upanga kuelekea Coco Beach kioo kitakuonyesha unaogelea.

Kinanielekeza njia, lakini kimenipeleka porini. Kimekosea nini?

Hakijakosea. Kilijua ulipo, hakikujua palivyo.

Nikusimulie. Mwezi Aprili mmoja nilichora njia nyumbani, nikitoka Mabwepande nikikatisha kwenda kuikuta barabara ya Bagamoyo upande wa pili wa Mto Mpiji. Kwenye ramani palikuwa na kijinjia, kikavuka mto, kikaendelea. Mstari haukukatika hata kidogo. Nilipofika, kijinjia kilikuwepo kweli. Kiliingia majini. Kiangazi pale watu huvuka maji hayafiki gotini. Masika ile mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na mzee mmoja aliyekuwa ng'ambo akanipungia mkono wa "rudi, mwanangu" kabla sijauliza. Nilipogeuza, kifaa kikaanza kulia: umetoka nje ya njia. Kikalia mita 500 nzima. Tope la mfinyanzi likajaa kati ya tairi na breki hadi gurudumu likagoma kuzunguka, nikaibeba baiskeli begani, na kifaa kikaandika kwa uaminifu kabisa: kilomita 3 kwa saa.

Tangu siku hiyo nina taratibu zangu. Nikichora njia ngeni naitazama pia kwenye picha ya setilaiti, hasa inapokatiza mto. Njia ya udongo ninayoijua kiangazi siiamini kati ya Machi na Mei. Nikifika kijijini namuuliza mtu, na simwulizi "hii njia inafika?", maana atasema ndiyo ili asinivunje moyo. Nauliza, "Pikipiki zimepita leo?" Zikipita pikipiki, napita.

Jambo jingine: kwenye mipangilio zima ile ya kupanga njia upya yenyewe. Ukikosea kona kidogo, kinakuundia njia mpya kwa akili yake, na akili yake inapenda mkato.

GPX, TCX, FIT: nitumie faili lipi?

GPX ndilo linalokubalika karibu kila mahali. Mwenzako akikutumia njia kwa WhatsApp, mwambie akutumie hilo. FIT ndilo kifaa chenyewe kinachorekodia, na linabeba zaidi: mapigo ya moyo, joto, maelekezo ya kona. TCX ni la zamani ila bado linafanya kazi. Programu kama Ride with GPS na Komoot zinakuchorea njia na kukupa faili. Kabla ya kuondoka fungua njia kwenye kioo uhakikishe mshale unaelekea unakotaka. Tulishamfuata mwenzetu aliyepakia njia kinyumenyume, kila kona kifaa kikamwambia ageuke.

Tumeendesha pamoja. Changu kinasema kilomita 71, chake 70. Nani mwongo?

Wote wawili, kidogo. Kifaa hakipimi barabara, kinaunganisha nukta. Kila sekunde, au kila sekunde chache kulingana na mipangilio, kinapiga nukta moja, na ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa umeshasogea zaidi ya mita 8 kati ya sekunde moja na nyingine. Nukta zikiachana sana, kona zinakatwa na umbali unapungua. Nukta zikitangatanga huku na huku, umbali unaongezeka. Anayeruhusu kifaa kijisimamishe chenyewe kwenye taa za Tegeta naye ana hesabu yake. Weka kirekodi kila sekunde.

Ukitaka usahihi zaidi, funga kihisi cha gurudumu. Hicho kinahesabu mizunguko halisi, kwa hiyo lazima kijue mzingo wa tairi lako. Tairi la 700x25 ni milimita 2,105 hivi, la 700x28 ni 2,136, lakini usiziamini namba za kwenye jedwali kuliko chaki. Weka valvu chini kabisa, chora alama sakafuni, kaa juu ya baiskeli ili tairi libonyee kama kawaida, sukuma mpaka valvu irudi chini, chora tena, pima kwa futikamba. Na kwa baiskeli ya Foniksi au Swala ambayo tairi lake halimo kwenye jedwali, hiyo ndiyo njia pekee.

Mita za kupanda zinabadilika kila siku wakati mlima ni uleule. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote.

GPS ni dhaifu kwenye urefu wa kwenda juu. Setilaiti zote ziko upande mmoja, juu yako. Hakuna hata moja chini ya ardhi ya kusawazisha hesabu. Ndiyo maana vifaa vya bei ya kati na kuendelea vina kipimo cha mgandamizo wa hewa. Unavyopanda hewa inapungua, kama hektopaskali 1 kwa kila mita 8 hivi ukiwa huku pwani, nacho kinageuza hesabu hiyo kuwa mita. Kinanasa hata daraja dogo.

Lakini mgandamizo haubadiliki kwa ajili ya mlima tu. Kwenye nchi za tropiki hewa ina mawimbi yake ya kila siku, kama bahari inavyojaa na kupwa. Mgandamizo unafika juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unashuka chini saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na tofauti kati ya saa nne na saa kumi inaweza kufika hektopaskali 3. Ondoka nyumbani saa nne, zunguka, rudi saa kumi kwenye geti lilelile: kifaa kinaweza kusema geti limepanda mita 25. Wenzetu wa nchi za baridi hili halionekani kwao, limefunikwa na dhoruba zao. Kwetu, siku tulivu, unaweza kulitazama kwenye mchoro wa safari likijitokeza.

Sisi wa Dar tuna bahati ya kuwa na kipimo kikubwa cha bure: bahari. Simama Coco Beach, weka mwinuko kuwa mita 3 au 4 kulingana na ulivyosimama juu ya maji, kisha nenda Pugu. Utapata namba ya kuaminika. Kama uko mbali na bahari, tafuta kituo cha reli chenye mwinuko ulioandikwa kwenye kibao, au hifadhi mwinuko wa nyumbani kwako ndani ya kifaa.

Na kama ghafla kimeandika umepanda mita 400 kwenye tambarare ya Zinga, kigeuze. Chini au ubavuni kuna kitundu kidogo. Tone la mvua au jasho limekaa hapo. Kipulize taratibu kwa mdomo, usichomeke pini.

Asubuhi kinachelewa kushika setilaiti.

Kwa sababu unakiwasha ukiwa sebuleni kisha unaondoka mbio. Kitoe nje, pawe na anga wazi, kiwashe wakati unajaza upepo, kiache kitulie. Kila setilaiti inatuma taarifa za njia yake ndani ya sekunde 30. Ukitikisika chini ya miti kinapoteza kipande, kinaanza upya. Kama hujakitumia miezi kadhaa, au umesafiri nacho mbali, kinaweza kuhitaji dakika nyingi zaidi. Kukiunganisha na simu kila baada ya siku chache kunasaidia, maana kinapakua mapema taarifa za setilaiti zitakuwa wapi.

Posta na Kariakoo kinaonyesha nimepita juu ya maghorofa.

Mawimbi yanagonga kuta za vioo na kukufikia kwa kuchelewa, kifaa kikadhani uko mbali zaidi. Suluhisho ni kupokea mifumo mingi kwa pamoja: GPS, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China. Karibu vifaa vyote vipya vinaweza. Vya gharama zaidi vinapokea masafa mawili ya mawimbi kutoka kila setilaiti, na hapo tofauti mjini inaonekana. Masafa mawili yana faida nyingine kwetu tulio karibu na ikweta: tabaka la ayonosfia juu yetu huchafuka baada ya jua kuzama, zaidi miezi ya Machi na Septemba, na kupotosha mawimbi. Kwa mpanda baiskeli ni suala la mita chache tu. Usikubali kulipa dola 200 za ziada kwa ajili hiyo, labda kama unapenda sana mstari ulionyooka.

Nimevuka na pantoni Kigamboni, kimeandika nimeendesha baharini.

Ndiyo, kimehesabu. Pantoni inatembea, kifaa hakijui kwamba wewe umesimama na embe mkononi. Bonyeza kitufe cha kusimamisha kabla hujapanda. Wasiotaka kukumbuka wanapita darajani.

Nikinunua mtumba niangalie nini?

Betri kwanza. Kiwashe kwa muuzaji, mwanga juu, zungumza naye nusu saa, tazama asilimia imeshuka kiasi gani. Angalia tundu la chaji kama lina kutu ya kijani. Jasho lina chumvi. Angalia masikio mawili ya nyuma yanayoingia kwenye kishikio, yakimeguka kifaa kitaruka kwenye tuta la kwanza. Hakikisha kimefutwa na kuondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani.

Kisha kipeleke nje, subiri kishike setilaiti, utazame tarehe. GPS inahesabu wiki hadi 1,024 kisha inarudi sifuri, na mara ya mwisho ilikuwa Aprili 6, 2019. Vifaa vizee visivyosasishwa vinaweza kurudi nyuma karibu miaka 20. Mahali vinaonyesha sawa, lakini safari zako zote zitaandikwa kana kwamba ulizifanya ukiwa shule ya msingi, na Strava itazipanga huko.

Nitakifungaje kwenye usukani wa baiskeli ya kizamani?

Vishikio vingi vimetengenezwa kwa mabomba mapana ya baiskeli za kisasa. Usukani mwembamba unahitaji kujazwa. Kata kipande cha tyubu chakavu, kiviringe mara mbili, funga kishikio juu yake, hakizunguki tena. Na ile kamba ndogo inayokuja ndani ya boksi, ambayo kila mtu huitupa, ifunge. Kifaa changu kilichomoka kishikioni kwenye matuta ya Boko kikabaki kinaning'inia kwa kamba hiyo.

Mvua na joto je?

Vingi vina kiwango cha IPX7, yaani vinavumilia kuzama mita 1 kwa nusu saa. Mvua si adui. Adui ni kuchomeka chaji tundu likiwa bichi. Ukirudi, kifute kwa kitambaa chenye maji baridi, kikauke kabisa, ndipo uchaji. Usikiache juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani. Betri ya lithiamu inazeeka haraka kwa joto kuliko kwa matumizi. Kama unaishi pale umeme unapokatika ovyo, pawabenki ndogo inatosha kukichaji mara kadhaa, na vingi vinaendelea kurekodi huku vinachajiwa. Jaribu chako nyumbani kwanza, kwa sababu vingine vikichomekwa waya wa kompyuta vinasitisha safari.

Kukitazama njiani si hatari?

Ni hatari. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France mara 4 na alitaniwa dunia nzima kwa kuinamia kioo chake. Yeye mbele yake barabara ilifungwa. Mbele yako kuna daladala linalosimama bila taarifa. Panga ukurasa wa kwanza uwe na vitu vitatu au vinne tu, kwa herufi kubwa, na washa mlio wa kona. Mapigo ya moyo, nguvu ya kukanyaga na mizunguko ya pedali vitazame nyumbani.

Watu wa nyumbani wanaweza kunifuatilia?

Wanaweza, ila kwa kupitia simu yako, ikiwa na bando na mtandao. Vifaa vingi pia vinahisi ukianguka na kutuma ujumbe kwa mtu uliyemchagua, nao unapitia simu hiyohiyo. Wewe mwambie mtu njia unayopita na saa ya kurudi, hilo halihitaji mtandao. Mashindanoni ni jambo jingine: kwenye ubingwa wa dunia wa Kigali, Septemba 2025, wa kwanza kufanyika Afrika, waendeshaji walifungiwa vifaa vya kufuatiliwa kwa usalama wao. Hivyo vilikuwa vinatuma. Chako hakitumi.

Strava inaonyesha nyumbani kwangu?

Kama hujaizuia, ndiyo. Ramani yako inaanzia getini na kuishia getini, na picha ya baiskeli ya milioni kadhaa iko hapohapo. Mwanzoni mwa 2018 watu waligundua kambi za kijeshi kwenye "ramani ya joto" ya Strava, ile inayong'arisha njia zinazopitwa sana, kwa sababu tu askari walikimbia mazoezi na saa mkononi. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa safari.

Safari yangu haijaonekana kwenye programu. Imepotea?

Mara nyingi imo ndani ya kifaa, haijasafiri tu. Julai 2020 huduma za mtandaoni za Garmin zilizimwa siku kadhaa na shambulio la wadukuzi, na watu duniani kote wakaomboleza safari ambazo zilikuwa mifukoni mwao. Chomeka waya, fungua folda ya safari, kwa Garmin inaitwa Activities, nakili mafaili ya FIT kwenye kompyuta, kisha yapakie Strava kwa mkono. Kama hakuna kitu humo, jiulize kama kweli ulibonyeza kuanza. Mimi nimeshaenda Bagamoyo na kurudi, kilomita mia na thelathini na kitu, na kifaa kikiniuliza muda wote: je, tuanze kurekodi?